Vifaa kinga vya wanawake wa mitambo Mtwara na Lindi: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe dukani

Mwanamke anayeanza kazi kwenye mitambo huku kusini, iwe ya gesi, saruji, bandari au mgodi, anunue au adai vitu viwili kabla ya vingine vyote: buti la usalama la ngozi lenye soli ya mpira, lililotengenezwa kwa kalibu ya mguu wa kike, na ovaroli ya vipande viwili inayolingana na mwili wake. Glavu, kofia, miwani na mkanda wa kupandia juu vina umuhimu wake, lakini hivyo viwili ndivyo anavyokaa navyo zamu nzima ya saa 12, na ndivyo vinavyouzwa vibaya zaidi madukani.

Kazi zenyewe zipo na zinalipa. Gesi ya Mnazi Bay inasafishwa Madimba na kusukumwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2015. Mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote kilifunguliwa Mtwara. Bandari inapakia korosho na makaa ya mawe, Kilwa kuna gesi ya Songo Songo, Ruangwa kuna madini ya kinywe (grafaiti). Mwanamke aliyefika kuwa opereta wa chumba cha udhibiti, fundi umeme wa viwandani, mkaguzi wa uchomeleaji au mhandisi wa zamu anashika kazi yenye mshahara wa heshima, na yenye raha yake pia. Kompresa iliyogoma usiku kucha ikitulia mikononi mwake alfajiri, hiyo ni furaha ambayo walioionja hawataki kuiacha. Ndiyo maana inauma kumwona mtu wa namna hiyo akipoteza nusu ya nguvu zake kupambana na buti la namba 41 na suruali inayomburuza.

Jambo la gharama liwekwe sawa mapema. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga kwa wafanyakazi wake, na kifaa kisichomtosha mvaaji hakimkingi. Wanaojinunulia wenyewe mara nyingi ni wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, vibarua wa siku, na mafundi wanaohama kutoka kwa mkandarasi mmoja kwenda kwa mwingine. Tathmini hii ni yao kwanza, halafu ni ya maofisa usalama na watunza stoo wanaoagiza kwa niaba ya wengine.

Buti

Buti nyingi zinazoletwa maduka ya vifaa vya ujenzi Mtwara mjini ni za kiume, na ukubwa unaopatikana kwa wingi ni 40 hadi 44. Lindi hali ni ngumu zaidi. Muuzaji atakwambia buti ni la jinsia zote. Usikubali haraka. Mguu wa mwanamke kwa kawaida una kisigino chembamba ukilinganisha na upana wa vidoleni, kwa hiyo hata buti la kiume lenye urefu sahihi linaweza kubana mbele na kucheza nyuma. Buti la kike la kweli linaanzia 35 au 36 na limechongwa upya kisiginoni. Kupunguza urefu peke yake hakutoshi.

Pima mguu jioni, ukiwa umevimba kidogo kwa kusimama. Simama juu ya karatasi, weka alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu, pima kwa sentimita. Ongeza 1.5, kisha zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 23 unatoa 36.75, yaani 37. Wa sentimita 24 unatoa 38.25, yaani 38. Pima miguu yote miwili na fuata mrefu.

Ukilivaa dukani, vaa na soksi nene za kazi na ufunge kamba kabisa. Chuchumaa. Vidole visiguse kikofia cha chuma, na ukingo wa nyuma wa kikofia usichome juu ya vidole. Kama unachoma hapo dukani, baada ya wiki patakuwa na kidonda. Tembea ukishuka ngazi au mteremko. Kisigino kikipanda zaidi ya nusu sentimita, rudisha. Angalia pia buti linakunjika wapi: likunjike pale mguu wako unapokunjika, chini ya vifundo vya vidole. Likikunjika mbele zaidi ya hapo ni refu mno kwako hata kama vidole havilalamiki.

Njia ya kuvaa soksi mbili au kujaza sponji ndani inasambaa sana na inaleta madhara mawili. La kwanza linaonekana: mguu unateleza ndani ya buti kwenye ngazi za chuma za matangi. La pili halionekani, na kwenye gesi ndilo baya zaidi. Buti za daraja la S1, S1P na S3 (herufi hizi zinaelezwa hapa chini) zimetengenezwa ziweze kupitisha umemetuli wa mwilini taratibu hadi ardhini. Ukinzani wake unatakiwa uwe kati ya kilo-omu 100 na mega-omu 1,000. Sponji ya kawaida inakata njia hiyo. Mtu anatembea akiwa na chaji mwilini, anagusa valvu kwenye eneo lenye mvuke wa gesi, na cheche inaruka. Ukihitaji soli ya ndani nyingine, iwe ile aliyoiidhinisha mtengenezaji wa buti hilo.

Kisha soma lebo kwenye ulimi wa buti. Tafuta EN ISO 20345. Namba hiyo inamaanisha kikofia cha vidole kimepimwa kwa pigo la jouli 200 na mgandamizo wa kilonyutoni 15, ambao ni kama uzito wa tani moja na nusu. Ukikuta 20347 badala yake, hicho ni kiatu cha kazi kisicho na kinga ya vidole, ingawa kwa nje vinafanana kama mapacha. Usitegemee sumaku kuamua, maana vikofia vya mchanganyiko wa plastiki havishiki sumaku na bado vinafaulu kipimo.

Baada ya namba hiyo kuna herufi. SB ni kinga ya vidole na ya msingi tu. S1P inaongeza kisigino kinachofyonza mshtuko, njia ya umemetuli na kinga ya msumari chini ya nyayo. S3 inaongeza ngozi isiyopitisha maji upesi na soli yenye meno. Kwa Mtwara na Lindi, ambako mvua ni za msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, tunapendekeza S3 kwa anayefanya kazi nje. S1P ni nyepesi na inapitisha hewa, inamfaa wa karakana au maabara. Kwenye saruji tafuta pia HRO: soli hiyo imepimwa kuhimili joto la nyuzi 300 kwa dakika moja, na kwenye kiwanda chenye tanuri hilo si la anasa. Ruangwa, vumbi la kinywe linateleza kama grisi, kwa hiyo alama ya kinga ya utelezi (SRC kwenye buti za zamani, SR kwenye mpya) iwe ya lazima. Fundi umeme asijidanganye: buti la kuondoa umemetuli halimkingi na umeme wa laini, kwa kazi hiyo kuna kiwango kingine, EN 50321.

Sasa soli, ambako fedha nyingi zinapotea kwenye mwambao huu. Buti za bei nafuu nyingi zina soli ya polyurethane, nyepesi na laini, mguu unaipenda. Adui wake ni joto na unyevu vikikaa pamoja. Unyevu wa hewa unaingia ndani ya soli na kuvunja minyororo ya plastiki kidogokidogo, hata buti likiwa ndani ya boksi. Kontena la bati lililopigwa jua la Mtwara karibu na bahari ni mahali pabaya kabisa pa kuhifadhia. Matokeo yake mnunuzi analipa buti linalong'aa, na baada ya wiki chache soli inamomonyoka vipandevipande, mara nyingi akiwa katikati ya zamu. Wengi humlaumu aliyeligundisha, wakati gundi haikuwa na kosa.

Kinga yake ni tarehe. Buti la kiwango lina mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kwenye lebo ya ulimi au limechapwa kwenye soli. Lenye soli ya polyurethane likizidi miaka mitatu tangu litengenezwe, liache, hata likipunguzwa bei nusu. Bonyeza ukucha pembeni mwa soli: ikibaki na kovu, ikinata au ukiona nyufa nyembamba kama nywele, ondoka. Soli ya mpira wa naitraili ni nzito zaidi, lakini inavumilia hali yetu na mafuta pia. Kuna buti zenye mpira chini na polyurethane katikati; ni nzuri kuvaa, ila tabaka la katikati linaoza vilevile, basi kanuni ya tarehe inabaki palepale.

Matunzo ni mafupi. Saruji mbichi ina ualikali mkali, pH 12 hadi 13, inakausha ngozi ya buti na kuunguza ya mtu. Ioshe siku hiyohiyo kwa maji, futa, kausha kivulini. Buti lililoanikwa juu ya bati linapasuka kwenye mkunjo. Chagua lenye ulimi ulioshonwa pembeni zote mbili ili vumbi lisipenye kwenye kamba.

Ovaroli

Ovaroli ya kipande kimoja iliyokatwa kwa mwili wa kiume ndiyo bidhaa tunayoipa alama ya chini kuliko zote. Ikitosha makalio, mikono inazidi kwa kiganja kizima na mapaja yanakuwa na kitambaa cha ziada kinachotafuta kunaswa na shafti. Ikitosha mabega, haifungi kiunoni. Na kubwa kuliko yote ni choo. Mwanamke inabidi avue mkanda wa zana, kizibao, kisha ovaroli yote hadi magotini, huku mikono yake ikigusa sakafu ya choo cha muda. Wengi wanapata ufumbuzi wa kutokunywa maji. Katika joto la huku, kazi ya nguvu inadai karibu robo lita kila dakika 15 hadi 20. Asiyekunywa anapata kichwa kuuma, kizunguzungu akiwa juu ya jukwaa, na maambukizi ya njia ya mkojo yanayorudi kila mara. Msimamizi anaona mfanyakazi mzembe, wakati chanzo ni zipu.

Vipande viwili, jaketi na suruali, vinamaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo. Kwa saruji, bandari na karakana zisizo na hatari ya moto wa gesi, fundi cherehani wa Mtwara anaweza kushona nzuri kuliko inayoletwa na meli, ukimpa maelekezo kamili. Kitambaa kiwe drili ya pamba tupu, gramu 240 hadi 280 kwa mita ya mraba. Mwuzaji akisema ni pamba tupu, chomoa nyuzi chache ukaziwashe nje: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kipande kigumu. Kilichoyeyuka kwenye uzi ndicho kitakachoyeyuka juu ya ngozi.

Kwa mwili wa wastani mita 3.5 za upana wa sentimita 150 zinatosha. Loweka kitambaa usiku kucha, kianike, ndipo kikatwe, kwa kuwa drili inarudi ikifuliwa na suruali itapanda juu ya buti. Mwambie fundi haya: jaketi lishuke chini ya kiuno sentimita 15 hadi 20 ili ukiinama mgongo usibaki wazi, mishono mikuu ikunjwe na kupigwa mara mbili, aweke kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi kwenye njia panda ya suruali ili uchuchumae bila kuchanika, kiuno kiwe na mpira nyuma, mifuko iwe na vifuniko, mikono ifungwe kwa vifungo vya kubana. Asikunje upindo wa suruali kwa nje, maana cheche za kukata chuma hutua humo na kutulia. Zipu iwe ya shaba, yenye ukanda wa kitambaa nyuma yake.

Kwenye gesi usiende kwa fundi. Huko inahitajika nguo ya kuzuia moto iliyothibitishwa, EN ISO 11612 au NFPA 2112, na lebo hiyo iwe imeshonwa ndani. Katika kipimo cha NFPA 2112, nguo huvalishwa sanamu na kupigwa moto kwa sekunde tatu, na kuungua kunakokadiriwa kusizidi asilimia 50 ya mwili. Nguo hizo zipo kwa ukubwa wa kike na kwa vipande viwili, anayeagiza aambiwe hivyo. Ikihitaji kufupishwa, uzi nao uwe wa kuzuia moto. Uzi wa kawaida wa poliesta au kiraka cha kitambaa cha mtaani vinaharibu kazi yote.

Nguo ya ndani nayo ina hesabu. Sidiria na fulana za nailoni zinayeyuka chini ya nguo nzuri kabisa, kwa hiyo vaa pamba. Kwa wanaovaa hijabu, iwe ya pamba inayovutika, ya kuvaa kama soksi, fupi, na pindo liingie ndani ya kola. Pini ziachwe nyumbani: zinadondokea kwenye mashine, na kofia ikipigwa zinaingia kichwani. Tunaipa hijabu ya aina hiyo alama za juu hata kwa wasioivaa kwa dini, kwani inafyonza jasho na kutuliza kofia.

Vingine

Glavu zina namba 6 hadi 11. Stoo nyingi zina 9 na 10. Zungusha futi ya kushonea kwenye kiganja chini ya vifundo bila dole gumba: sentimita 18 ni namba 7, sentimita 20 ni namba 8. Glavu kubwa inamlazimisha mtu aivue kila anapotaka kushika nati ndogo, na mwisho wa siku anafanya kazi mikono mitupu. Kwenye mashine ya kutobolea au ya kukereza usivae glavu yoyote, ndogo wala kubwa.

Kofia ngumu isikae juu ya fundo la nywele. Nafasi kati ya ganda na kichwa ndiyo inayomeza pigo, na rasta nene zikiijaza, pigo linafika lote. Suka zinazolala, au funga nywele chini kisogoni, nje ya gurudumu la kukazia. Mwaka wa kutengenezwa uko chini ya ukingo, ndani ya duara lenye mshale. Kofia iliyopauka kwa jua ibadilishwe bila mjadala.

Barakoa ya vumbi inayofunika nusu ya uso ina ukubwa mdogo, wa kati na mkubwa. Kwenye vumbi la saruji au kinywe dai ukubwa wako, na ukingo wake ulale juu ya ngozi tupu. Hijabu ikipita chini ya ukingo, vumbi linapita nayo. Miwani iwe EN 166 yenye mikono inayorekebishwa, maana inayoteleza puani inaishia kupandishwa juu ya kofia.

Mkanda wa mwili mzima, EN 361, unadai muda zaidi. Mkanda wa kifuani wa muundo wa kawaida unaweza kubana matiti au kupanda shingoni mtu anapoanguka. Ipo ya kike ambayo mikanda yake inapita pembeni, na tunaipendelea kwa yeyote anayepanda kila siku. Ukivaa, kiganja kilichonyooka kipite kati ya mkanda na paja, ngumi isipite. Pete ya nyuma ikae katikati ya mabega. Ikishuka, ukining'inia utaelekea mbele. Piga hesabu ya chini yako pia: kamba ya mita 2, kifyonza mshtuko kinachoweza kufunguka hadi mita 1.75, mwili chini ya pete mita 1.5, na mita moja ya akiba. Jumla ni mita 6.25. Jukwaa la mita 4 lenye kamba hiyo halikuokoi, utafika chini. Mjamzito asivae mkanda huu kabisa. Apangiwe kazi ya chini.

Kuagiza

Kama Mtwara hakuna saizi yako, maduka ya eneo la Gerezani, Dar es Salaam, yanatuma mzigo kwa basi. Kabla ya kulipa kwa simu, mwombe muuzaji picha mbili: lebo ya ulimi yenye kiwango, ukubwa na tarehe, na soli kwa upande. Asiyekubali kutuma picha ya tarehe ana sababu. Mafundi wa kike wa zamu kadhaa wakiunganisha oda, muuzaji wa hapahapa huwa tayari kuleta 36 hadi 39, kwa kuwa anaogopa kubaki nazo peke yake.

Kwenye fomu ya stoo, neno "buti" peke yake litakuletea lililopo. Andika: buti S3, soli ya mpira HRO, kalibu ya kike, namba 37, tarehe ya kutengenezwa isiyozidi mwaka mmoja. Fanya hivyo kwa glavu namba 7 na ovaroli ya vipande viwili, ukiweka vipimo vya kifua, kiuno, makalio na urefu wa mguu wa ndani. Kifaa kikija hakikutoshi, andika "saizi haifai" kando ya sahihi yako kwenye daftari la kupokelea, weka tarehe, na ubaki na nakala.